Kwanza Ijulikane Kinachozuia

Jikokoa, jiko la mkaa linalotengenezwa na kampuni ya BURN huko Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, lilikuwa likiuzwa kwa takriban dola 40 wakati wachumi wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, walipolifanyia utafiti. Walifuatilia kaya 1,000 za kipato cha chini jijini humo. Waliopata jiko hilo walipunguza fedha wanazotumia kununulia mkaa kwa asilimia 39, na katika miaka miwili ambayo jiko hudumu, kila kaya ingeokoa dola 237. Ni vigumu kupata biashara yoyote halali, mjini au shambani, inayorudisha faida ya namna hiyo. Hata hivyo, kaya hizo zilipopewa nafasi ya kutaja bei ambayo zingelinunulia, kiwango kilikuwa dola 12.

Kwa nini mtu akatae kutoa 40 ili apate 237?

Katika ofisi nyingi zinazoshughulikia nishati na kilimo, jibu la swali hilo huwa limeshaandaliwa: wananchi hawana elimu ya kutosha. Hupangwa semina, vipindi vya redio na gari la matangazo. Berkouwer na Dean hawakulikubali jibu hilo wala kulikataa, walilipima. Sehemu ya kaya walizielekeza makusudi kuzitafakari fedha ambazo jiko lingeziokolea, ili ionekane kama kusahau au kutojua ndiko kulikoshusha bei. Hamu ya kununua haikuongezeka. Kaya nyingine ziliruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa mkopo, na bei waliyokuwa tayari kulipa ikazidi maradufu.

Mama anayenunua mkaa kwa kopo kila jioni anaijua hesabu yake kuliko mtu yeyote. Anajua kwamba gunia ni nafuu kuliko kopo, na kwamba jiko bora ni nafuu kuliko yote mawili. Anachokosa ni fedha za kutoa kwa mpigo siku moja, kwa sababu kipato chake ni cha kijungu jiko: kinapatikana asubuhi, kinaliwa jioni. Kumfundisha tena anachokijua ni kumpotezea muda na kupoteza fedha za umma.

Hapa ndipo uchumi wa mazingira unapostahili kusikilizwa zaidi katika Afrika Mashariki. Kwa watu wengi fani hii ni ya kukadiria thamani ya misitu au kupanga kodi za hewa ukaa. Kazi yake yenye manufaa ya karibu zaidi kwa mkulima na mpishi ni nyingine: kutafuta, kwa vipimo vya uhakika, kitu hasa kinachomzuia mtu kufanya jambo lenye faida kwake na kwa mazingira. Vizuizi vinaweza kuwa fedha, imani, ujuzi au hali ya hewa. Kwa nje vyote hufanana, kwa maana kinachoonekana ni kwamba watu hawajabadilika. Dawa zake, hata hivyo, ni tofauti kabisa, na serikali inayokosea kizuizi hutumia mabilioni bila kumsogeza mtu hata hatua moja.

Miongoni mwa waliolifanya swali hili kuwa kazi ya maisha ni Kelsey Jack, mchumi wa mazingira wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye tafiti zake zimefanyika Malawi, Zambia, Niger, Afrika Kusini na India. Mtindo wake ni rahisi kuueleza, ingawa utekelezaji wake ni mzito: vijiji hugawanywa kwa bahati nasibu, kila kundi huwekewa utaratibu wake, kisha matokeo hulinganishwa. Majibu anayoyapata hayafanani kutoka nchi moja hadi nyingine, na hilo linastahili kuzingatiwa na kila anayeandika mpango wa maendeleo.

Mfano wa kwanza ni jimbo la Punjab, India. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, wakulima wa huko huchoma mabua ya mpunga ili wapande ngano kwa haraka. Tangu mwaka 2009 sheria ya kuokoa maji ya ardhini imesogeza mbele tarehe ya kupandikiza mpunga, kwa hiyo muda kati ya kuvuna na kupanda ngano umekuwa mfupi mno. Moto ndio njia ya haraka, na moshi wake hufika hadi Delhi na kuwaumiza mamilioni ya watu. Uchomaji umepigwa marufuku, lakini moto haujakoma.

Jack na wenzake, Seema Jayachandran, Namrata Kala na Rohini Pande, walijaribu kuwalipa wakulima ili wasichome. Utafiti ulihusu vijiji 171. Kundi la kwanza liliahidiwa malipo kamili baada ya kuthibitishwa kwamba shamba halikuchomwa. Kundi la pili lilipewa sehemu ya malipo hayo mwanzoni, bila sharti, na kuahidiwa kilichobaki baadaye. Ahadi peke yake haikupunguza uchomaji. Fedha iliyotangulia iliupunguza kwa takriban pointi 8 hadi 12 za asilimia. Kukodi mashine ya kushughulikia mabua kunahitaji fedha taslimu siku ile ile, na mkulima aliyeona ahadi nyingi zikipita na upepo hana sababu ya kuamini kwamba hii itatimia. Jumla ya malipo haikuongezwa hata senti. Kilichobadilishwa ni siku ya kulipa.

Mkulima wa Mbozi au wa Trans Nzoia hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Anajua maana ya kupeleka mazao kisha kusubiri malipo kwa miezi.

Chipata, mashariki mwa Zambia karibu na mpaka wa Malawi, inatoa somo zito zaidi, kwa kuwa inagusa mwaka mzima wa mkulima mdogo. Mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka. Ifikapo Januari ghala limeisha, na mavuno yajayo yako mbali. Ndio wakati ambao shamba linahitaji palizi kuliko wakati wowote, na ndio wakati ambao mwenye shamba hulazimika kuliacha na kwenda kufanya kibarua kwa mwingine, kazi ambayo huko huitwa ganyu, ili watoto wapate unga wa siku hiyo. Magugu hulisonga shamba lake huku akilipalilia la mtu mwingine. Mavuno yakija huwa machache, na Januari inayofuata humkuta katika hali ile ile.

Jack, Günther Fink na Felix Masiye, mchumi wa Chuo Kikuu cha Zambia, waliwapa wakulima mkopo mdogo katika msimu huo wa njaa: kwacha 200 za Zambia au magunia matatu ya mahindi ya kilo 50, ya kurudishwa baada ya mavuno. Karibu kila aliyepewa nafasi aliuchukua. Mwaka wa kwanza wengi mno walirejesha. Mwaka wa pili marejesho yalipungua, na ukweli huo haufai kufichwa. Kilichotokea mashambani ni kwamba watu walibaki kwenye mashamba yao. Kwa kuwa wanaotafuta kibarua walipungua, ujira wa kibarua ulipanda kijijini, na hata wasiokopa wakanufaika. Mavuno yaliongezeka. Hapakuwa na mbegu mpya wala mbolea mpya. Mtu alipata chakula Januari, akapata na mikono ya kulilima shamba lake.

Jambo hili linahusu moja kwa moja kilimo kinachohifadhi ardhi. Makinga maji, matandazo, mashimo ya kupandia, kilimo mseto na miti: karibu vyote vinadai nguvu kazi sasa na kulipa baadaye. Bwana shamba anayemhimiza mkulima achimbe makinga maji katika miezi ambayo mkulima huyo anahangaika kutafuta unga, anamwambia jambo la kweli kwa wakati usiowezekana.

Miti nayo ina funzo lake. Nchini Zambia, Jack na wenzake walifanya utafiti kuhusu Faidherbia albida, mti wa jamii ya migunga unaopendwa na wataalamu wa kilimo mseto kwa tabia yake ya kipekee: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi, kwa hiyo hauyanyimi mahindi mwanga, na majani yanayoanguka huirutubisha ardhi. Wakulima walipewa miche 50 kwa bei zilizotofautiana, na waliahidiwa zawadi kama miche 35 ingekuwa hai baada ya mwaka. Wengi waliichukua miche. Wengi pia hawakuifikisha hesabu hiyo. Wakati wa kuchukua miche hakuna anayejua kama mvua itachelewa, kama ng'ombe watavamia au kama mtu wa nyumbani ataugua. Mambo hayo yakitokea, mti ndio wa kwanza kuachwa. Hili liwafikie wanaotangaza kila mwaka mamilioni ya miche iliyogawiwa katika wilaya zao. Takwimu ya kutangazwa ni ya miti iliyo hai mwaka wa tatu, na takwimu hiyo hukusanywa mara chache sana.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba kila kitu ni fedha. Niger inakataa.

Katika ukanda wa Saheli, maji ya mvua chache zinazonyesha hupita juu ya udongo uliokauka na kuwa mgumu kama saruji, yakaondoka bila kuingia ardhini. Mbinu ya kuyazuia ni ya miaka mingi: mkulima huchimba shimo lenye umbo la nusu mwezi, lenye upana wa mita chache, na kuweka tuta upande wa chini wa mteremko. Maji hutuama humo, udongo hulainika, mtama hupata kuota. Mbinu ilikuwa inajulikana kwa jina, lakini wakulima wachache mno waliitumia. Dhana ya wengi ilikuwa kwamba kinachokosekana ni fedha za kulipia nguvu kazi. Jack na Jenny Aker wakaipima dhana hiyo katika vijiji 180: baadhi ya wakulima walipata mafunzo peke yake, wengine mafunzo pamoja na fedha, wengine hawakupata chochote. Mafunzo peke yake yaliongeza idadi ya wakulima waliochimba kwa zaidi ya pointi 90 za asilimia. Kuongeza fedha hakukuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo yapo mahali ambapo elimu ndiyo tiba. Tofauti na mafunzo mengi, yale ya Niger yalikuwa ya vitendo: ukubwa wa shimo, kina chake, uelekeo wake na aina ya udongo unaofaa. Kukosea vipimo ni kupoteza jasho la wiki nzima, na mkulima asiye na uhakika hana haja ya kuanza. Wale wanaochimba nusu mwezi katika ardhi ya Wamaasai ya Kuku, Kajiado, na wanaoendesha kazi ya Kisiki Hai mkoani Dodoma, ambako machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa hupogolewa ili yakue kuwa miti badala ya kupandwa miche, wanafanya kazi ya namna hiyo hiyo: ujuzi wa mkono, unaofundishwa shambani, usiohitaji fedha nyingi. Serikali ikiamua kuweka fedha kwenye mafunzo, iweke huko.

Katika nishati, swali la wakati wa kulipa linarudi kwa nguvu. Cape Town ilipowahamisha maelfu ya wateja kutoka kwenye bili ya mwezi hadi mita za kulipia kabla, Jack na Grant Smith wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuta kwamba matumizi ya umeme yalipungua kwa takriban asilimia 14. Jiji liliuza umeme kidogo zaidi, ila lilikusanya kwa uhakika zaidi, na gharama za kufukuzana na wadaiwa zikapungua. Wateja wa LUKU nchini Tanzania na wanaonunua tokeni Kenya wanaijua tabia hiyo: umeme ukinunuliwa wa elfu mbili, kila taa inayowaka bila kazi huonekana. Mfumo huo unaweza kubana matumizi, lakini pia umezoeza mamilioni ya watu kununua nishati kwa kiasi kinacholingana na kipato cha siku. Wauzaji wa mkaa walilijua hilo zamani. Ndiyo maana wanashinda.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye uzinduzi huo ulifuatiwa na mkutano wa Paris kuhusu nishati hiyo, ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa kwa ajili ya Afrika. Taasisi zinazolisha watu wengi zimepigwa marufuku kutumia kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukitoa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Nia ni njema, na ni nadra kuona suala la moshi wa jikoni, lililobebwa na wanawake kwa vizazi vingi, likipewa uzito huo na Ikulu.

Lakini mtungi ni mwanzo tu. India iligawa mamilioni ya mitungi kupitia mpango wa Ujjwala ulioanza Mei 2016, na kufikia mwaka 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Tafiti zilizofuata zilikuta kaya nyingi zinajaza gesi mara chache kwa mwaka, huku kuni zikiendelea kuwaka uani. Ruzuku ilikuwa imeondoa kizuizi cha kununua mtungi na kukiacha kizuizi cha kuujaza. Tanzania inaelekea kulirudia kosa hilo kama mafanikio ya mkakati yatahesabiwa kwa mitungi iliyogawiwa. Mtungi mtupu uliopakwa vumbi pembeni ya jiko la mkaa haujamwokoa mtu na moshi wala kuokoa mti.

Njia nyingine ipo, na sehemu yake ilizaliwa Dar es Salaam. KopaGas ilifunga mita kwenye mtungi ili mteja anunue gesi kwa simu kwa kiasi alicho nacho, hata kama ni cha mlo mmoja. Teknolojia hiyo ilinunuliwa mwaka 2020 na Circle Gas, na nchini Kenya inatumika kwa jina la M-Gas. Ruzuku ikielekezwa kwenye mita hizo badala ya kwenye chuma cha mtungi, itamfuata mpishi kila siku anapowasha jiko. Mita zina gharama, na huduma yake kijijini bado ni ngumu, kwa hiyo si jibu la kila mahali.

Vijijini kuna saccos na vyama vya ushirika. Tavneet Suri, Michael Kremer, William Jack na Joost de Laat waliwafuatilia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya waliotaka kukopa matangi ya kuvuna maji ya mvua. Kwa masharti ya kawaida ya akiba na wadhamini, asilimia 2.4 tu walikopa. Walipotakiwa kutoa asilimia 4 tu ya bei, na tangi lenyewe likawa dhamana, waliokopa walifika asilimia 41.9, na marejesho yakabaki mazuri sana. Maziwa yalikuwa yakipelekwa kwenye ushirika, na makato yakifanyika huko. Hakuna sababu ya mtambo wa biogesi au paneli ya sola ya kupampu maji kwa mkulima wa maziwa wa Rungwe au Hai kutokopeshwa kwa utaratibu huo.

Wapo wanaopinga mwelekeo huu wote, na hoja zao zina uzito. Jikokoa bado linachoma mkaa; kuupunguza kwa asilimia 39 si kuuondoa. Tafiti za kugawanya vijiji kwa bahati nasibu huchukua miaka, na matokeo ya Niger hayahamishwi Shinyanga kwa kubadilisha jina kwenye jalada. Pia kuna hatari ya kumtwika mkulima maskini deni kwa jina la mazingira, wakati wanaovuna faida ya hewa safi ni wengi kuliko yeye. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na jibu lake lilitolewa Uganda. Huko Hoima na Kibaale, Jayachandran na wenzake waliwalipa wenye misitu shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka ili wasikate miti. Katika vijiji visivyolipwa, eneo la miti lilipungua kwa asilimia 9.1 katika miaka miwili; katika vilivyolipwa lilipungua kwa asilimia 4.2. Pale ambapo faida ni ya wote, mlipaji awe wote, na mkopo uachiwe yale yanayomrudishia mkopaji mwenyewe.

Tanzania na Kenya hazihitaji kuagiza wataalamu ili kuanza. Wachumi wa mazingira wapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi, na takwimu zipo tayari: TANESCO ina kumbukumbu za kila tokeni ya LUKU iliyonunuliwa, na kampuni za gesi zinajua mauzo yao kwa kila wakala. Wizara ya Nishati iziombe kampuni hizo takwimu za ujazaji kwa kila wilaya iliyopata mitungi ya ruzuku, izikabidhi kwa watafiti bila majina ya wateja, na kabla ya awamu inayofuata itenge wilaya chache za kulinganishia: moja ipewe mitungi kama sasa, nyingine mita za kulipia kidogo kidogo, nyingine mkopo wa saccos unaolipwa baada ya mavuno. Baada ya mwaka mmoja, ripoti ichapishwe kwa Kiswahili na isomwe bungeni kabla ya bajeti ya nishati kupitishwa.